Barua zenu: Kiingereza hakitulii, na mwanao hajakosea

Karibuni tena kwenye ukurasa wa barua. Mwezi uliopita niliomba mnitumie maswali ya Kiingereza yanayowasumbua, nikadhani yatakuja yale ya nyakati na viambishi kama kawaida, kumbe mmeniletea kitu kingine kabisa. Karibu barua zote zinauliza jambo lilelile kwa njia tofauti, yani mbona hii lugha haitulii, leo neno lina maana hii kesho ile, vitabu vinasema hivi afu vijana wanaongea vile. Nimefurahi mno. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 31 na kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kalamu nyekundu, nakata tu, kosa, kosa, kosa, mpaka nilipokuja kuisoma historia ya lugha yenyewe nikagundua mengi niliyoyakata yalikuwa Kiingereza halali kabisa, ila cha mahali pengine au cha enzi nyingine. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu wapo watoto walioacha kunyoosha mkono darasani kwa ajili ya kalamu yangu. Kwa hiyo haya maswali nayajibu kwa moyo wote, na nimeanza na lile lililonigusa zaidi.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la tatu. Akisoma Kiingereza anasoma kama Kiswahili, "knife" anasema kinife, "name" anasema na-me, "time" anasema ti-me, "moon" anasema mo-on. Wenzake wanamcheka mpaka analia na sasa hataki tena kusoma kwa sauti. Nimsaidieje? (Mama wa watoto watatu, Singida)

Marahaba mama. Kwanza mfute machozi huyo mtoto, afu mwambie hivi, na umwambie ni mwalimu mzee kasema: umesoma karibu sawasawa na alivyosoma Chaucer.

Chaucer ni mshairi mkubwa wa Waingereza, alifariki mwaka 1400, yani zaidi ya miaka 600 iliyopita. Enzi zake "name" ilikuwa inatamkwa na-me, hiyo a ni a yetu kabisa na ile e ya mwisho inasikika kidogo. "Time" ilikuwa ti-me. "Moon" ilikuwa mo-on, o ndefu kama ya kwetu kwenye "choo". "See" ilikuwa se-e. Na kwenye "knife" ile k ilikuwa inasikika wazi, haikuwekwa pale kwa urembo. Hata "knight", ambayo leo wanaitamka nait tu, ilikuwa na k mwanzoni na katikati ina mkwaruzo kama kh ya watu wa pwani. Kwa hiyo mtoto wako hajabuni kitu, kasoma herufi kama zilivyoandikwa, na waliomcheka wangemcheka na Chaucer pia.

Sasa kilichotokea ni hiki. Kuanzia kama mwaka 1400 hadi kama 1700 irabu ndefu za Kiingereza zilihama, moja baada ya nyingine, kama watu wanaosogea kwenye benchi. A ikapanda ikawa karibu na e, e ikapanda ikawa i, o ikapanda ikawa u, na zile zilizokuwa juu kabisa, i na u, zikakosa pa kwenda zikapasuka kuwa ai na au. Ndo maana na-me ikawa neim, se-e ikawa sii, mo-on ikawa muun, ti-me ikawa taim. Wataalamu wanaita Mhamo Mkuu wa Irabu. Hakuna aliyekaa akaamua, hakuna mfalme aliyetoa amri, watu walikuwa wanaongea tu na kila kizazi kinasogeza kidogo.

Tatizo ni kwamba katikati ya huo mhamo ikaja mashine ya kupiga chapa. William Caxton aliifungua ya kwanza Uingereza pale Westminster mwaka 1476, na wapiga chapa wakaanza kuzoea tahajia fulani fulani, afu zikaganda, huku midomo inaendelea kusogea. Ni kama mtu apigwe picha ya kitambulisho akiwa na miaka mitano na aendelee kuitumia mpaka uzeeni, ukimtazama usoni na ukiitazama picha unaona ni ndugu wawili. Tahajia ya Kiingereza ndo hiyo picha ya utotoni. Sisi Kiswahili chetu cha herufi za Kilatini kilisanifishwa juzi tu, ile kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, kwa hiyo picha yetu bado mpya, bado inafanana na uso.

Na sio kila herufi isiyosikika ni ya zamani kweli, mama. B iliyoko kwenye "debt", yani deni, haijawahi kutamkwa na Mwingereza yeyote! Neno lilikuja kutoka Kifaransa bila b, afu wasomi wa miaka ya 1500 wakaichomeka ili lifanane na Kilatini, na mpaka leo watoto wa dunia nzima wanakatwa maksi kwa b ambayo ni mapambo ya wasomi. Mimi hilo nikilifikiria napata hasira kabisa.

Huyo Caxton mwenyewe alilalamika. Mwaka 1490 aliandika kisa cha wafanyabiashara waliosimama kando ya mto Thames wakaenda kwa mama mmoja kuomba mayai, mmoja akasema "egges", yule mama akamjibu yeye Kifaransa hajui. Jamaa akakasirika, mana hata yeye Kifaransa alikuwa hajui, mpaka mwenzake akasema wanataka "eyren" ndo mama akaelewa. Wote Waingereza, wote wanaongea Kiingereza, "egges" limeletwa kaskazini na Wavaikingi, wale mabaharia wa Skandinavia waliovamia Uingereza zamani, na "eyren" ni la asili ya kusini. Mtu wa Mombasa anayeongea Kimvita akikwambia "ndoo" anakuita uje, ukiwa umetoka bara unaweza ukamletea ndoo ya maji. Caxton akauliza, sasa mtu aandike lipi? Mayai ya kaskazini ndo yalishinda, ukifungua kitabu cha mwanao leo utakuta "egg".

Sasa la kufanya nyumbani. Usimzuie kusoma kwa Kiswahili, mfanyie mchezo. Kila neno alisome mara mbili, mara ya kwanza "ya zamani", mara ya pili "ya sasa": na-me, neim. Ti-me, taim. Kni-fe, naif. Nilijaribu hivyo na wajukuu zangu na ajabu yake hata tahajia hawakosei, kwa sababu wanaisikia ile ya zamani kichwani wakati wanaandika. Na shuleni mwombe mwalimu wake, kwa heshima tu, asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake kwa wiki mbili tatu mpaka arudishe moyo.

Mwalimu habari. Binti yangu wa kidato cha pili karudi anasema wamekatazwa kutumia neno "nice" kwenye insha kwa sababu maana yake ya asili ni "mjinga". Je ni kweli? Maana mimi kazini kila mteja namwambia "have a nice day", isijekuwa nawatukana watu. (Mhudumu wa hoteli, Arusha)

Ni kweli na si kweli, dada yangu. Mzizi wake ni Kilatini "nescius", asiyejua, likapitia Kifaransa cha zamani, na lilipoingia Kiingereza kwenye miaka ya 1300 kweli lilikuwa na maana ya mjinga, mpumbavu. Afu likaanza kutembea. Likawa mtu wa kujidekeza, mwenye kuchagua-chagua, kutoka hapo likawa mtu makini anayeona tofauti ndogo ndogo, na ukimwita mtu makini ni sifa tayari, hivyo mwishoni mwa miaka ya 1700 likafika kwenye "zuri", "la kupendeza". Jane Austen kwenye riwaya iliyotoka mwishoni mwa 1817 ana kijana anayemtania binti kwa kuita kila kitu "nice", kitabu nice, matembezi nice, siku nice. Kwa hiyo malalamiko ya mwalimu wa binti yako yana zaidi ya miaka 200 na neno bado lipo.

Ila ile hoja ya "maana ya asili" mimi siikubali na nataka binti aisikie vizuri. Neno halifungwi na lilikotoka. Chukua la kwetu, ustaarabu. Ukilifuata hadi mzizi unakuta Mwarabu, yani kuishi kama Mwarabu, lakini leo nikimwambia kijana wa Bukoba "kaa kistaarabu" hakuna anayewaza Uarabu hapo, namwambia awe na adabu basi. Sasa nikitokea mimi nikasema usilitumie kwa sababu asili yake ni hii, nitakuwa namnyang'anya neno mtu aliyelielewa sawasawa.

Na kuna safari ya kinyume, ambayo ina huzuni kidogo. "Silly", ambalo leo ni mpuuzi, lilianza kama "mwenye heri", aliyebarikiwa. Wajerumani ndugu zao bado wanalo, "selig", na kwao bado ni heri. Kwa Waingereza aliyebarikiwa akawa asiye na hatia, asiye na hatia akawa wa kuhurumiwa, wa kuhurumiwa akawa dhaifu, dhaifu akawa mpuuzi. Sisi tunajua hiyo njia, sikiliza tu tunavyosema "maskini" kwa sauti fulani, pesa hazimo kabisa, ni huruma iliyoanza kugeuka.

Sababu nzuri ya kutolitumia "nice" kwenye insha ni nyingine kabisa, kwamba limechoka. Limebeba kila kitu mpaka halibebi kitu. Mwambie binti aandike chakula kilikuwaje, kilinukia nini, na wewe endelea kuwaambia wageni have a nice day bila hofu yoyote.

Ticha, wazee wanatusema eti tumeharibu lugha, kitu kikali tunasema "noma" au "hatari". Nikaona na madogo wa Ulaya wanasema "sick" kwa kitu kizuri. Hiyo imekaaje? (Kijana wa Kinondoni)

Imekaa vizuri, mwanangu. Maneno ya kutisha hugeuka sifa kila mahali kwa sababu mtu akitaka kusifia kwa nguvu maneno ya upole hayamtoshi. "Terrific" lilianza kama la kutia hofu kuu, leo ni safi sana. "Wicked", ovu, lipo kama sifa kwa mwandishi Mmarekani F. Scott Fitzgerald tangu mwaka 1920, kwa hiyo waliokuwa vijana wa lugha hiyo ni babu wa babu zako. "Awful" likaenda upande wa pili, lilikuwa la kumcha Mungu, la kukufanya unyenyekee, sasa ni baya kabisa. Sasa ukitaka kujua wazee wamelalamika tangu lini, mwandishi Jonathan Swift mwaka 1712 aliomba serikali iunde kundi la watu wa kukigandisha Kiingereza kisibadilike tena, na alichukia maneno yaliyokatwa kama "mob", umati wa ghasia, ambalo ni kipande cha "mobile vulgus" ya Kilatini. Leo "mob" limo kwenye kila kamusi. Samuel Johnson naye alianza kamusi yake akitumaini angalau kuzuia mabadiliko, akaitoa mwaka 1755, na kwenye utangulizi akakiri kwamba tumaini lile halikuwa na msingi, hakuna kamusi inayoweza kuzuia lugha kuoza wala kubadilika. Mtu aliyekesha miaka na maneno ndo anasema hivyo, namwamini.

Ombi langu moja tu, ukiongea na bibi yako usimwambie pilau lake ni noma. Sio kwamba ni kosa, ila kwake neno hilo bado linamaanisha kile kibaya.

Salamu kutoka London. Nina watoto wawili wamezaliwa huku. Nyumbani tunaongea Kiswahili lakini Kiingereza chao kinanishinda: "ask" wanasema "aks", kila sentensi inaisha na "innit", na binti wa miaka 15 kila baada ya neno anaweka "like". Mimi nilisoma Kiingereza cha kweli Tanga na naona aibu wakiongea mbele ya walimu wao. (Baba wa wawili, London)

Kaka yangu, pole na malezi ya ugenini, na barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu nasikia mapenzi ndani ya hiyo aibu. Tuanze na "aks".

Kiingereza cha kale kilikuwa na matamshi mawili ya neno hilo, "ascian" na "acsian", yote yakiandikwa na watu wenye elimu. Chaucer kaandika "axe". Biblia ya Coverdale ya mwaka 1535, Biblia nzima ya kwanza kupigwa chapa kwa Kiingereza, pale penye "ombeni nanyi mtapewa" imeandika "axe". Neno limesimama kwenye Maandiko Matakatifu jamani! Baadaye matamshi ya "ask" yakashika London ya wakubwa, na "aks" ikabaki kwa watu wa kawaida wa maeneo fulani, ikavuka bahari na walowezi hadi Marekani na visiwa vya Karibi, watu Weusi wakaitunza, na sasa imerudi London na wajukuu wao na mwanao kaipata uwanjani. Kubadilishana nafasi kwa sauti ni kawaida sana, "bird" lilikuwa "brid", "wasp" lilikuwa "waps", na hakuna mtu anayeona aibu kusema "bird".

"Innit" nakuomba uisikilize kama Mswahili. Kiingereza cha shule kina mkia mgumu kweli, isn't he, don't they, haven't we, won't you, kila mtendaji na kila wakati una mkia wake, mimi nimeufundisha miaka yote na wanafunzi wamenitolea jasho. Sisi tuna "sivyo?" au "si ndiyo?", moja tu, kwa watu wote na nyakati zote. Anaondoka, sivyo? Walikula, sivyo? Mtakuja, sivyo? Vijana wa London wameitengeneza "sivyo" yao, ndo hiyo innit. Ilianza kama isn't it na sasa inafanya kazi ya yote.

Na "like" ya binti... sikiliza binti yeyote wa Tanga uhesabu "yani" ngapi. Inampa nafasi ya kuwaza, inaonyesha kwamba anachosema ni takriban, na akisema "she was like" anaigiza maneno ya mtu bila kudai kwamba ndo alivyosema neno kwa neno. Afu kuna jambo nataka ulijue kama baba wa binti. Watafiti wawili wa Helsinki, Terttu Nevalainen na Helena Raumolin-Brunberg, walichambua barua za Kiingereza kama 6,000 zilizoandikwa kati ya mwaka 1417 na 1681, wakafuatilia mabadiliko 14 ya lugha, kama vile kuacha "doth" na kushika "does". Kwenye 11 kati ya hayo 14 wanawake ndo walitangulia, wanaume wakafuata. Kiingereza ulichosoma wewe Tanga kikaitwa cha kweli, sehemu kubwa kiliandikwa kwanza na mabinti na mama zao, na naamini walisemwa vilevile anavyosemwa wako.

Kama bado unataka mfano wa mtu asiyebadilika, basi hata Malkia Elizabeth wa Pili hakuwa huyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie huko Australia walichukua hotuba zake za Krismasi za miaka ya 1950 wakazilinganisha na za miaka ya 1980, wakatoa matokeo kwenye jarida la Nature mwaka 2000. Irabu zake zilikuwa zimesogea kuelekea za watu wa kawaida wa kusini mwa Uingereza, hakufika kwao kabisa lakini alisogea.

Najua wasiwasi wako ni usaili wa kazi, na una haki. Dunia bado inahukumu watu kwa "aks", hasa watoto Weusi, na kuwaficha hilo si msaada. Wafundishe wawe na zote mbili, kama wewe unavyoongea na mama yako Tanga tofauti na unavyomwandikia mkuu wako wa kazi. Ila usiwaambie ya kwao ni chafu. Mtoto anayeambiwa mdomo wake mchafu ananyamaza, na akinyamaza kwa Kiingereza nakuhakikishia na Kiswahili atakinyamazia.

Mwalimu, kwa nini tunasema "haloo" kwenye simu na sio salamu nyingine? (Fundi simu, Kakamega)

Kwa sababu Edison alimshinda Bell. Alexander Graham Bell aliyepata hataza ya simu mwaka 1876 alitaka watu wajibu "ahoy", mwito wa mabaharia. Thomas Edison mwaka 1877 akaandika barua akipendekeza "hello", kwamba inasikika hata ukiwa futi 10 hadi 20 kutoka kwenye chombo. Wakati huo halikuwa salamu, lilikuwa neno la kumshtua mtu au kushangaa. Simu ndo iliyoligeuza salamu, na sisi tukalipokea likiwa limeshageuka.

Kijiweni tumebishana. Mmoja anasema "soka" ni neno la Wamarekani, Waingereza hawalitambui. Tumeweka soda. Nani kashinda? (Kijiwe cha bodaboda, Morogoro)

Aliyesema ni la Wamarekani anunue soda. "Soccer" limezaliwa Uingereza. Chama cha mpira cha Uingereza kiliundwa mwaka 1863, mchezo ukaitwa "association football" ili usichanganywe na raga, na kwenye miaka ya 1880 wanafunzi wa Oxford waliokuwa na tabia ya kukata maneno na kubandika "er" wakachomoa "soc" katikati ya association. Waingereza wenyewe walilitumia bila shida kwa miaka mingi, wakaanza kulikimbia walipoona Wamarekani wamelishika sana. Sisi tulilichukua likiwa bado la wote, likawa soka letu.

Na kwa kuwa nyie ni watu wa barabarani nawaongezea moja. "Basi" limetoka kwenye "bus", na "bus" ni mkia wa "omnibus", Kilatini, maana yake "kwa ajili ya wote", ndo lilikuwa jina la magari ya farasi ya abiria ambayo George Shillibeer aliyaanzisha London mwaka 1829. Ile "bus" peke yake Kilatini haina maana, ni kiambishi tu cha mwisho, ni sawa na kuchukua "nyumbani" ukaitupa nyumba ukabaki na "ni". Kipande hicho ndo kinachowabeba watu kutoka Morogoro hadi Dar kila siku. Na hata nguo mlizovaa zina kisa. Shati letu limetoka kwenye "shirt" na sketi kwenye "skirt", na kule Uingereza hayo mawili ni neno moja, la kwanza la asili yao, la pili la Wavaikingi. Yakaishi pamoja muda mrefu, yakagawana mwili, moja juu moja chini.

Mwalimu shikamoo. Nafanya kazi ofisi ya ajira Nairobi, kwetu ni Vihiga. Bosi katuandikia email: "If a candidate calls, tell them to wait." Candidate ni mmoja, them ni wengi. Mimi shule ya msingi nilichapwa viboko kwa kosa hilihili. Nimwambie? (Karani, Nairobi)

Marahaba mwanangu. Usimwambie, hajakosea, na viboko vile nakupa pole.

"They" kwa mtu mmoja asiyejulikana lipo kwenye maandishi ya Kiingereza tangu kama mwaka 1375. Na "they" lenyewe si la Waingereza wa asili, ni la Wavaikingi kama lile yai. Kwa karne nyingi watu walilitumia hivyo bila kelele, mpaka katikati ya miaka ya 1700 walimu wa sarufi wakaanza kusema mtu yeyote ni "he", hata kama ni mwanamke, na mwaka 1850 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba kwenye sheria zao maneno ya kiume yahesabiwe yanawajumuisha wanawake. Hiyo ndo sarufi iliyokuchapa, ilikuwa changa kuliko kosa lenyewe.

Ukitaka ushahidi mwingine tazama "you". Lilikuwa la wengi, la mmoja lilikuwa "thou". Watu wakaanza kuwaita wakubwa "you" kwa heshima, heshima ikaenea mpaka kila mtu akawa "you". Unasema "you are" kwa mtu mmoja, kitenzi cha wengi, na hakuna aliyekuchapa. Waliokataa walikuwa Waquaker wa miaka ya 1600, wao wakasema binadamu wote sawa mbele za Mungu, hivyo hakimu naye ni "thou", wakapigwa na kufungwa kwa hilo. Wewe wa Vihiga unawajua, ni kanisa lilelile la Marafiki lililofika Kaimosi mwaka 1902. Pengine bibi yako kasali humo.

Sasa jaribu kutafsiri sentensi ya bosi: "Mwombaji akipiga simu, mwambie asubiri." Umeona? Ile a- yetu na m- haziulizi mwanaume au mwanamke, haijawahi kutusumbua. Kiingereza kina shimo pale ambapo sisi tuna kiambishi, na watu wake wakaliziba na "they" wenyewe bila kumwuliza mtu. Kamusi ya Merriam-Webster mwaka 2019 ikalichagua kuwa neno la mwaka.

Ukikuta mtihani au fomu ya watu wanaoshikilia sheria ile ya zamani, andika "candidates" tangu mwanzo, wote watakuwa wengi na utakuwa salama. Email ya bosi iache kama ilivyo, na mwombaji akipiga, mwambie asubiri.